Kusikiliza kifua kwa stetoskopu

Kwanza zima feni. Kliniki yetu hapa Kondele iko kando ya stendi ya bodaboda, kwa hiyo dirisha nalo nafunga. Vipande vya masikioni vielekee mbele, upande wa pua. Nikiwa mwanafunzi nilivivaa kinyume, nikadhani mzee wa watu hapumui! Pasha kisahani moto kwa kiganja, kiweke kwenye ngozi yenyewe. Shati hukwaruza ukadhani ni ugonjwa.

"Mama, fungua mdomo, vuta pumzi polepole." Anzia mgongoni juu, kulia kisha kushoto, ukishuka hivyo hivyo, kila mahali pumzi nzima.

Pumzi nzuri ni kama upepo mwanana kwenye majani ya mwembe, na kuivuta husikika zaidi kuliko kuitoa. Pumu hupiga mluzi, hasa akitoa pumzi. Nimonia mara nyingi huchakarisha: sugua nywele zako kwa vidole karibu na sikio, ndio mlio wenyewe. Upande mmoja ukinyamaza, huenda maji au hewa imejaa kando ya pafu. Ila ninachokiogopa zaidi ni mwenye pumu anayehema huku kifua kizima kiko kimya. Huyo hewa haipiti. Oksijeni na dawa mara moja.