Vidonge 200 vya bedakwilini: kumsimamia mgonjwa wa TB sugu nyumbani kwa wiki 26

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tiba ya dawa 4 kwa wagonjwa wa TB sugu kwa rifampisini (dawa kuu ya TB ya kawaida), kuanzia miaka 14, isipokuwa wajawazito na wanaonyonyesha. Tiba ni ya miezi 6, bila zile sindano zilizowaharibu wengi masikio. Sehemu kubwa inafanyikia chumbani, Mbagala au Manzese jijini Dar es Salaam, kwa hiyo msimamizi wa dawa ndiye anayeona kwanza mambo yakienda vibaya.

Kila siku mgonjwa anameza pretomanidi mg 200, linezolidi mg 600 na moksifloksasini mg 400. Yenye hesabu ni bedakwilini: vidonge 4 vya mg 100 kila siku kwa siku 14, halafu vidonge 2 mara 3 kwa wiki, wiki 24. Yaani 56 na 144. (Kama kliniki imempangia vingine, fuata kadi yake.) Siku ya 15 ndipo watu hukosea: mgonjwa anaendelea na vinne, au anapewa viwili kila siku. Chukua kalenda kabla ya dozi ya kwanza, zungushia Jumatatu, Jumatano na Ijumaa za wiki zote 24, na kila Jumapili hesabu vilivyobaki. Akisahau Jumatatu, ameze Jumanne, kisha arudi kwenye siku zake. Kamwe asimeze vinne kufidia.

Bedakwilini iende na chakula. Tumbo likiwa tupu, mwili huambulia kama nusu tu ya dawa. Chai ya rangi haitoshi. Mpe wali maharage au ugali na dagaa. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu, na vidonge vya madini ya chuma, hushikana na moksifloksasini tumboni isifyonzwe. Moksifloksasini itangulie, kisha upite muda wa saa 6.

Linezolidi ndiyo inayotaka macho yako zaidi, maana huumiza mishipa ya fahamu taratibu na wengine hawasemi mpaka miguu imekufa ganzi. Kabla ya kidonge cha kwanza, mfumbe macho, gusa vidole vya miguu na nyayo kwa kipande cha pamba, aseme kila anapohisi. Andika. Rudia kila wiki, na umuulize kama nyayo zinaungua au zinachoma. Kisha afunike jicho moja, asome maandishi madogo kwa umbali uleule na mwanga uleule. Mwonyeshe kizibo chekundu, ahamie jicho la pili. Wekundu ukififia upande mmoja, au herufi zikianza kupotea, mpeleke kliniki siku hiyohiyo. Usiisimamishe dawa mwenyewe: wiki 9 za kwanza dozi kamili ina kazi kubwa, na kuipunguza hadi mg 300 ni uamuzi wa daktari. Dawa hii pia hushusha damu, kwa hiyo picha kamili ya damu ipimwe wiki ya 2, kisha kila mwezi.

Bedakwilini na moksifloksasini huvuruga umeme wa moyo. Kuzimia au moyo kwenda mbio ni dharura. Homa ikimpata, apimwe malaria mara moja, lakini asipewe mseto wa dukani kabla daktari wa TB hajaambiwa, kwa sababu lumefantrini iliyomo kwenye mseto nayo inaweza kugusa mapigo. Pombe aiache kabisa. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi na macho yakawa manjano, ini linaumia.

Madirisha ya pande mbili yawe wazi mchana kutwa, naye avae barakoa akiwa na wenzake chumbani. Makohozi yapelekwe kuoteshwa maabara kila mwezi hata kikohozi kikiisha, kwani kikohozi hukata mapema kuliko vimelea. Dozi ikiisha, arudi kupimwa baada ya miezi 6 na 12. Bedakwilini hubaki mwilini miezi kadhaa baada ya kidonge cha mwisho, kwa hiyo kadi ya matibabu aitunze na kuionyesha kila anapoandikiwa dawa nyingine.