Unahamia Uingereza na familia kutoka Tanga? Tafuta shule kwanza, nyumba baadae

Wazazi wenzangu wa Tanga, kila ndugu au jirani akipata kazi Uingereza swali la kwanza ni nyumba nitafute mtaa gani, na mi jibu langu halibadiliki, tafuta shule kwanza. Sisi huku tumezoea kinyume, unapanga Makorora au Mabawa pale kodi inapokufaa, mtoto anasoma Raskazone au hata Pongwe, gari la shule linampitia alfajiri na maisha yanaenda. Kule shule za serikali ni bure, hata kwa mtoto aliyeingia kwa visa ya mzazi, ila shule ikiwa na waombaji wengi kuliko nafasi mara nyingi wanaangalia nani anakaa karibu, na umbali wanaupima kwenye ramani. Yani ukishasaini mkataba wa nyumba ndo umeshachagua shule hivo, ujue usijue.

Kabla ya hapo hakikisha visa yako inaruhusu familia. Manesi na madaktari wanaruhusiwa, lakini wa kazi ya kulea wazee walizuiwa kuja na familia tangu tarehe 11 Machi 2024, na wanafunzi wa masters za kawaida tangu Januari 2024, kwa hiyo dalali anayekwambia lipa tu watoto watafuata, mkimbie. Kuna pia ada ya afya, pauni 1,035 kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto kwa kila mwaka wa visa, na inalipwa yote kwa mkupuo wakati wa kuomba. Baba, mama na watoto wawili kwa miaka 3 ni pauni 10,866, na hapo hujakata tiketi. Wenye visa ya wafanyakazi wa afya hawailipi, wao na familia zao.

Sasa madarasa, na hapa naomba msome taratibu, manake ndipo watoto wanapoumia. Kule mtoto anawekwa darasa kwa umri, sio kwa pale alipofikia. Mwaka wa shule unaanza Septemba, aliyetimiza miaka 10 mpaka tarehe 31 Agosti anaingia darasa linaloitwa mwaka wa 6 hata kama huku yuko la nne, na kwa kawaida harudishwi nyuma kwa sababu Kiingereza kinamsumbua, atasaidiwa lugha hukohuko darasani na wenzake. Kwa wadogo sina wasiwasi, wanashika haraka. Wasiwasi wangu ni wa sekondari. Mwaka wa 10 na wa 11 ni kama kozi moja ya miaka miwili inayoishia na mitihani ya GCSE, kama form four ya huku, Mei na Juni, mtoto wa miaka 15 akiingia katikati ya mwaka wa 11 anakuta wenzake wako ukingoni, na masomo aliyoyachukua huku pengine shule ile haina. Kama wa kwako yuko form three na umri ndo huo, nashauri bila kuogopa, mwacheni kwa bibi yake amalize form four, afanye mtihani wa Necta Novemba, afuate Septemba inayokuja aingie koleji kule. Ila ombi la visa yake liingie kabla hajatimiza 18, hilo msilisahau hata kidogo.

Mtaa unautafutaje ukiwa bado uko Chumbageni? Anza na kazi ilipo, angalia ni wapi basi linafika ndani ya nusu saa, halafu ingia tovuti ya halmashauri ya eneo hilo. Halmashauri nyingi huonyesha mtoto wa mwisho kupata nafasi mwaka jana alikaa umbali gani na shule, hiyo namba ndo dira yako. Ripoti za Ofsted, wakaguzi wa shule wa kule, ziko wazi onlaini, tangu Septemba 2024 waliacha kuipa shule neno moja la jumla kwa hiyo soma ripoti yenyewe, hasa wanavosema kuhusu tabia za wanafunzi. Tovuti ya polisi nayo ina ramani ya uhalifu, unaweka postikodi tu. Na usikimbilie London kisa binamu yuko huko, kodi itakumaliza. Mji kama Leicester una familia nyingi za Kihindi zilizotoka Afrika Mashariki, muhogo na nyama ya halali havikusumbui, na misikiti ipo kwa madrasa ya jioni.

Nyumba sasa. Kodi ni kwa mwezi, sio miezi sita kama huku, na dipoziti kwa nyumba za kawaida haitakiwi kuzidi kodi ya wiki 5, tena mwenye nyumba lazima aisajili kwenye mfuko unaotambulika ndani ya siku 30. Usitume hela ya nyumba ambayo hakuna mtu wako aliyeingia ndani. Mwambie apige video akuonyeshe pembe za madirisha na ukuta nyuma ya kabati, ukiona weusi weusi ni ukungu wa unyevu, kifua cha mtoto aliyezoea joto la Tanga hakitauweza. Bora mzazi mmoja atangulie, akae chumba cha muda mpaka mjue ni shule gani mnaitaka, ndo asaini nyumba karibu nayo.

Makaratasi malizeni hukuhuku. Cheti cha RITA na pasipoti majina yafanane herufi kwa herufi, huku kwetu mtoto ni Mohamed kwenye cheti na Muhammad kwenye pasipoti na hakuna anayejali, kule wanajali. Kadi ya kliniki yenye chanjo piga skani, wino unafutika. Barua ya shule ya Kiswahili itafsiriwe na mtafsiri anayetambulika. Cheti cha kipimo cha TB kinadumu miezi 6 tu, usiwahi sana.

Mkiingia katikati ya mwaka mnaomba kupitia halmashauri au shule yenyewe, na wengi watataka mkataba wa nyumba. Ombeni shule kadhaa kwa pamoja. Mkinyimwa, barua lazima iseme mna haki ya kukata rufaa, na jina liacheni kwenye orodha ya kusubiri, manake familia huhama na nafasi hupatikana hata katikati ya muhula.