Kutoa damu kwenye kuku kwa chumvi

Kwa Abayudaya, yaani Wayahudi wa Mbale nchini Uganda, ambao dini yao inakataza kula damu, wanapochinja kuku nyumbani kosa kubwa hutokea kabla chumvi haijaguswa: kumwagia kuku maji ya moto ili manyoya yatoke. Joto hufungia damu ndani ya nyama. Mnyonyoe kwa maji baridi, hata kama kazi itachelewa. Hapa hakuna njia ya mkato.

Toa matumbo, kata kichwa, kisha loweka nusu saa kwenye beseni lisilotumika kwa chakula kingine. Osha, acha maji yachuruzike kidogo. Nyama ikilowa mno chumvi huyeyuka, ikikauka kabisa haishiki. Tumia chumvi ya chengachenga. Ile laini ya mezani huyeyuka upesi. Paka kila upande, na ndani ya kifua pia. Weka kuku juu ya ubao ulioinama, tundu la tumbo likitazama chini, saa nzima. Suuza mara tatu.

Maini hayatoshelezwi na chumvi: yachane, yaoshe, yanyunyizie chumvi kidogo, uyachome juu ya moto wa makaa. Yote haya yafanyike ndani ya saa 72 tangu kuchinja.