Jinsi ya Kupima Kama Chakula Chenye Chumvi Kinamfaa Mgonjwa wa Figo

Kwa mtu mwenye ugonjwa sugu wa figo, ulimi si kipimo cha kutegemea. Mkate hauhesabiwi na wengi kuwa chakula cha chumvi, lakini ukiliwa asubuhi na jioni huweza kumaliza sehemu kubwa ya kiasi alichoruhusiwa mgonjwa. Kinachopaswa kupimwa ni sodiamu iliyomo, yaani madini yanayopatikana ndani ya chumvi, kwa kuwa figo zilizodhoofika hushindwa kuitoa yote, ikabaki mwilini pamoja na maji, miguu ikavimba na shinikizo la damu likapanda, nalo shinikizo hilo huzidi kuziumiza figo zenyewe.

Wagonjwa wengi hushauriwa wasifikie gramu 2 za sodiamu kwa siku, yaani miligramu 2,000, ambazo hupatikana katika gramu 5 hivi za chumvi, chini ya kijiko kimoja cha chai. Wako wachache ambao figo zao hupoteza chumvi kupita kiasi, na hao hupangiwa vingine. Kwa hiyo kiwango chako kithibitishwe kwanza na daktari. Ikiwa lebo inataja chumvi badala ya sodiamu, gawanya gramu za chumvi kwa 2.5 upate gramu za sodiamu.

Chukua kopo la supu lenye uzito wa gramu 400, ambalo lebo yake inasema miligramu 350 za sodiamu. Wengi huishia hapo na kuridhika. Soma tena: kiasi hicho ni cha gramu 125 tu. Anayelimaliza kopo zima amepata miligramu 1,120, zaidi ya nusu ya posho yake ya siku, na bado hajala kitu kingine. Kwa kulinganisha bidhaa mbili, tazama kiasi kilichomo katika gramu 100: kikizidi miligramu 600 ni kingi, kikiwa chini ya 120 ni kidogo. Maneno kama "chumvi imepunguzwa" yasikutosheleze, kwa sababu yanailinganisha bidhaa na ile ya awali, ambayo huenda ilikuwa na chumvi nyingi mno.

Ukimaliza tarakimu, soma orodha ya viambato, na hapa naomba usiwe na haraka. Neno fosfeti, yaani kiambato chenye madini ya fosforasi, likionekana, hasa kwenye soseji, nyama za kopo na jibini laini la viwandani, ujue kwamba fosforasi iliyoongezwa kiwandani hufyonzwa na mwili kwa urahisi kuliko ile ya asili, nayo ikizidi hudhoofisha mifupa na kukakamaza mishipa ya damu. Hatari zaidi ni chumvi mbadala iliyotengenezwa kwa kloridi ya potasiamu. Mtu huinunua kwa nia njema kabisa, lakini potasiamu ikijaa katika damu huweza kuvuruga mapigo ya moyo hata kuyasimamisha. Usiitumie bila idhini ya daktari.

Kuloweka samaki wa chumvi na kubadilisha maji, au kusuuza maharagwe ya kopo, hupunguza sodiamu bila kuiondoa yote. Kwa kuwa huwezi kujua iliyobaki, kula kidogo, na chakula kingine cha siku hiyo kipikwe bila chumvi, kikolezwe kwa vitunguu, tangawizi au ndimu.

Vidonge vya maumivu vinavyoyeyuka kwa povu katika maji navyo huwa na sodiamu nyingi, kwa hiyo mfamasia aulizwe kabla ya kuvinunua.