Faili la Access limegoma kwenye seva? Tafuta .laccdb

Faili la Access (programu ya Microsoft ya kutunza kanzidata) mnalotumia wengi likianza kuleta ujumbe kwamba linatumiwa na mtu mwingine, usikimbilie kuzima seva. Fungua folda lilimo, utafute faili dogo lenye jina lilelile ila linaishia na .laccdb. Hilo ni kama daftari la mahudhurio: Access hulitengeneza mtu wa kwanza anapoingia na hulifuta wa mwisho anapotoka. Lifungue kwa Notepad utaona majina ya kompyuta zilizoingia. Ya waliokwisha kutoka huweza kubaki humo, kwa hiyo usimgombeze mtu haraka.

Wote wametoka na bado lipo? Huenda kuna kompyuta iliyozimika ghafla, umeme ulipokatika kwa mfano. Hakikisha kwenye seva kwamba hakuna aliyefungua faili la Access, ndipo ufute hilo la .laccdb.

Na kama akiingia mtu fulani wengine wote wanafungiwa nje, tazama ruhusa zake. Anatakiwa aweze kuandika na kufuta kwenye folda lenyewe, si kwenye faili tu. Hili lilinila nusu siku, kisa mhasibu mmoja aliyepewa faili akanyimwa folda.