Chungu chako kinakula ekari ngapi?

Kaya ya watu watano pale Ngamiani au Makorora, Tanga mjini, huenda haina hata tuta la mchicha, lakini kuna mashamba yanayolimwa kwa ajili ya chungu chake. Kuyapima kunahitaji mizani, daftari na kikokotoo cha simu. Kosa la kwanza la wengi ni kuchukua namba za Ulaya, zilizopigwa kwa ng'ombe wa zizini anayelishwa nafaka, na kumbandika nazo ng'ombe wa Handeni anayeishi kwa majani. Anza na mavuno ya huku.

Wiki moja ya mizani

Kwa siku 7 pima kila kinachoingia jikoni kikiwa kikavu, kabla hakijapikwa: unga, mchele, maharage, nyama, mafuta, na mkaa pia. Nazi hesabu kwa idadi. Ugali usiupime, maana sehemu kubwa ya uzito wake ni maji. Usiamini kisado wala kopo, kila duka lina lake. Na ukinunua gunia la lumbesa, lile lililojazwa kupita kiasi, ukaliandika kilo 100, hesabu yote itapinda. Epuka wiki ya Ramadhani au ya arusi, kwani futari ya magimbi na pilau la wageni si chakula cha mwaka mzima. Zidisha kwa 52.

Kutoka kilo hadi shamba

Ekari ni mita za mraba 4,047, ile ya hatua 70 kwa 70. Gawanya 4,047 kwa kilo zinazovunwa katika ekari moja, utapata mita za mraba zinazobeba kilo moja. Ukimpata mkulima wa zao hilo, muulize yeye mavuno yake. Ukimkosa, chukua magunia 6 ya mahindi kwa ekari, yaani kilo 600, kwa shamba la mvua lisilo na mbolea nyingi. Kilo moja ya mahindi inabebwa na mita za mraba 6.7.

Lakini hali mahindi mtu, anakula unga, na hapa ndipo ekari nyingi hujificha. Kilo 100 za mahindi yaliyokobolewa hutoa sembe ya kilo 70 hivi. Zikisagwa dona, hutoka kilo 95 au zaidi. Kaya inayosonga kilo moja na nusu kwa siku hutumia unga wa kilo 547 kwa mwaka. Kwa sembe hiyo ni mahindi kilo 782, ekari 1.3. Kwa dona ni kilo 576, chini kidogo ya ekari moja. Theluthi ya ekari inatofautiana kwa kubadili mashine tu, bila kupunguza tonge. Ila usiseme imepotea yote: pumba inalisha kuku na ng'ombe. Ukiihesabu kwenye sembe, usiihesabu tena kwenye yai.

Dona ina masharti yake. Kiini cha punje kina mafuta, hivyo unga huchacha upesi. Saga wa wiki mbili tu. Na kwa kuwa hakuna kukoboa, sumu kuvu iliyo kwenye ganda inaingia tumboni. Chambua punje zilizoota ukungu au kubadilika rangi, anika juu ya turubai, kisha tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, uiache kwa dakika chache. Chumvi ikiganda ubavuni mwa chupa, mahindi bado yana unyevu: rudisha juani.

Vipi bada, ugali wa muhogo? Ekari ikitoa muhogo mbichi kilo 3,000, makopa yake, yaani muhogo uliokaushwa, ni kama kilo 1,000, na kilo ya unga inabebwa na mita 4 tu. Sembe inataka 9.6. Tofauti kubwa, ila ina mtego: muhogo hukaa shambani miezi 9 hadi 12 au zaidi, na ekari hiyo hiyo ingeweza kupandwa mahindi masika na vuli. Misimu yote miwili ikikubali, sembe inashuka hadi mita 4.8. Daima gawanya kwa mavuno ya mwaka mzima.

Nazi nayo hudanganya. Minazi iliyopandwa mita 9 kwa 9 ni 50 kwa ekari. Kila mti ukitoa nazi 40 kwa mwaka, nazi moja ina mita 2. Lakini chini yake mara nyingi kuna muhogo au michungwa, basi gawa eneo hilo na wenzake.

Kisichoonekana kwenye ekari

Wali unakaribia mahindi kwa eneo, maana kilo 100 za mpunga hutoa mchele 65 hivi. Mzigo wake ni maji, na gesi ya methani inayotoka kwenye tope la jaruba. Ng'ombe huitoa pia anapocheua.

Mkaa uandikie ukurasa wake. Tanuri la udongo hula kilo 5 hadi 10 za kuni kwa kila kilo ya mkaa. Jiko linalomaliza kilo 2 kwa siku linachoma kilo 730 kwa mwaka, yaani tani 3.6 hadi 7.3 za miti. Maharage ndiyo mlaji mkuu: yaloweke usiku kucha, mwaga maji, bandika na mfuniko.

Mwisho uliza bidhaa imetoka mteremko gani. Gramu chache za iliki hazionekani kwenye hesabu, lakini katika Usambara Mashariki iliki imelimwa chini ya miti ya msitu. Miche ya msitu hufyekwa ili ipate nafasi, udongo ukichoka panageuzwa migomba au mahindi, na mkulima anasogea mbele. Udongo unaoachwa wazi kwenye miteremko ya mto Zigi huteremkia bwawa la Mabayani, yanakotoka maji ya bomba ya Tanga mjini. Kwa muuzaji uliza hivi: iliki hii ni ya shamba la zamani lenye mikarafuu na pilipili manga, au ya kiwanja kipya?