IDE au kihariri cha kawaida? Pima RAM kwanza

Kihariri cha maandishi hufanya kazi tatu: hufungua faili, hubadili kilichomo na kukihifadhi. Notepad++, nano na Vim wamo kundi hili. IDE (mazingira jumuishi ya kuandikia programu) hubeba kihariri hichohicho, ila humo ndani mna pia kompaila (inayogeuza msimbo kuwa programu), zana ya kusaka hitilafu mstari kwa mstari na kiunda mradi, vyote katika dirisha moja. Mifano ni Android Studio, IntelliJ IDEA na Visual Studio. VS Code, iliyotoka mwaka 2015, ni popo: si ndege, si mnyama. Ukiisakinisha tupu ni kihariri. Ukiiongezea viendelezi (programu ndogo za nyongeza) inakaribia kuwa IDE.

Kabla ya kubishana ipi bora, itazame mashine yako. Kwenye Windows bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda Performance, kisha Memory. Android Studio inataka RAM ya GB 8 kwa uchache, na ukitaka kuendesha simu bandia (emulator) pamoja nayo, GB 16 ndiyo salama. Kwenye GB 4 huenda ikafunguka, lakini RAM ikijaa kompyuta huanza kutumia diski kama kumbukumbu. Diski ikiwa ya kuzunguka (HDD), kila herufi unayoandika itachelewa kutokea. Watu wengi hudhani programu imeharibika, kumbe ni mzigo tu. Hesabu na bando pia: faili la kusakinishia peke yake linazidi GB 1, halafu SDK (zana za kutengenezea programu za Android) na vifurushi vya Gradle (kiunda mradi) hufuata mara ya kwanza unapofungua mradi. Mtandao ukikatika hapo, mradi haujengeki hata kama msimbo wako hauna kosa.

Mwenye GB 8 anaweza kukwepa simu bandia kwa kutumia simu yake mwenyewe. Kwenye simu nyingi za Android, ingia Settings, About phone, gusa Build number mara 7, kisha washa USB debugging kwenye Developer options na uchomeke waya. Programu itaendeshwa kwenye simu, na RAM ya kompyuta itapumua.

Sasa kazi yenyewe. Programu za Android, miradi mikubwa ya Java na kazi za C# zifanye kwenye IDE. Kuzilazimisha kwenye kihariri ni kujitesa bure. HTML, CSS, skripti fupi na faili za usanidi hazihitaji zaidi ya kihariri. Anayeanza Python aanze na Thonny, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia. Ni nyepesi, inakuja na Python yake ndani, hivyo ule ujumbe wa "python is not recognized" (Windows haiioni Python) haukusumbui, na inaonyesha thamani za vigeu programu inapoendelea.

Wapo walimu wanaomtaka mwanafunzi aandike kwa Notepad muhula mzima. Hilo ni kupita kiasi. Wiki moja inatosha. Andika Habari.java, kwenye terminali (dirisha la amri) endesha javac Habari.java, kisha java Habari. Jina la faili lisipolingana na jina la public class, kompaila itagoma, nawe utaelewa kitufe cha Run kwenye IDE kinafanya nini kwa niaba yako.

Vihariri vina mitego yake. Notepad inaweza kuhifadhi habari.py kuwa habari.py.txt, na huoni kwa sababu Windows huficha viambishi vya faili. Unapohifadhi chagua All files. Na kwenye File Explorer ya Windows 11 fungua View, Show, File name extensions. Usiandike msimbo kwenye Word hata siku moja: hupinda alama za nukuu, na Python huzikataa. Skripti ya bash (amri za Linux zilizoandikwa kwenye faili) iliyoandikwa Windows ikigoma kwenye Linux na kutaja ^M, tatizo ni miisho ya mistari. Kwenye Notepad++ nenda Edit, EOL Conversion, chagua Unix (LF), hifadhi tena. TabError kwenye Python maana yake umechanganya tabo na nafasi. Weka kihariri kibadili kila tabo kuwa nafasi 4.

Kwa VS Code, kosa la kawaida ni kufungua faili moja badala ya folda nzima ya mradi. Mistari ya mawimbi ikijaa chini ya import wakati maktaba umeshaisakinisha, bonyeza Ctrl+Shift+P, andika Python: Select Interpreter, uchague Python ulikoiweka. Viendelezi usivyotumia ving'oe, vinakula RAM.

Dalili kwamba kihariri kimekuzidi ni hii: unataka kubadili jina la kitendakazi (function) kimoja cha programu, na inakubidi ulisake kwenye faili 12. IntelliJ hulibadili kila mahali kwa Shift+F6, VS Code kwa F2.

Hata ukihamia IDE, jifunze kihariri kimoja cha terminali, maana kwenye seva uliyoingia kwa SSH (njia ya kuingia kompyuta ya mbali kwa amri) mara nyingi hakuna kingine. Kwenye nano, Ctrl+O kisha Enter huhifadhi, Ctrl+X hutoa nje. Ukijikuta ndani ya Vim bila kutarajia, bonyeza Esc, andika :q! na Enter, utatoka bila kuhifadhi. Ukitaka kuhifadhi, ni :wq.